Lenzi ya jicho inayorekebishwa kwa mwanga: mzee asipande ndege kabla haijafungwa

Mhariri,

Familia nyingi za Afrika Mashariki zina mtoto, mkwe au mpwa anayeishi Marekani. Mzazi akianza kulalamika kwamba macho yana ukungu, taa za magari zinamuumiza usiku na uzi haupiti tena kwenye tundu la sindano, aliye ng'ambo humkatia tiketi akatibiwe hukohuko. Akifika kliniki, mzee anaweza kuelezwa juu ya lenzi ya kupandikiza ambayo nguvu yake hurekebishwa baada ya upasuaji, ikiwa imeshakaa ndani ya jicho, kwa kumulikwa mwanga tu bila kisu.

Lenzi hiyo ipo na inafanya kazi. Inatengenezwa na kampuni ya RxSight ya California, na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliiidhinisha Novemba 2017. Hatuandiki kuipinga. Tunaandika kwa sababu lenzi hii, tofauti na nyingine zote, haijakamilika siku mgonjwa anapotoka chumba cha upasuaji. Inakamilika wiki kadhaa baadaye, kwa mashine maalumu, na katika wiki hizo inaharibiwa na jua. Mzee akirudishwa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura kabla ya hatua ya mwisho, anaweza kuona vibaya kuliko ambaye angewekewa lenzi ya kawaida.

Kwanza, tatizo ambalo lenzi hii inalitibu. Mtoto wa jicho ni lenzi ya asili iliyopoteza uangavu wake. Daktari huitoa, akaacha kifuko chake chembamba, na ndani ya kifuko hicho akaweka lenzi ya bandia yenye upana wa milimita 6 hivi. Lenzi ya kawaida ina nguvu moja isiyobadilika, kwa hiyo ni lazima ichaguliwe kabla ya upasuaji. Hupimwa urefu wa jicho kutoka mbele hadi nyuma, na hupimwa mviringo wa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho. Fomula ya zamani, ambayo sasa imepitwa na nyingine bora, inaonyesha hesabu hiyo vizuri: chukua namba maalumu ya aina ya lenzi, tuseme 118.4, toa urefu wa jicho mara 2.5, kisha toa nguvu ya konea mara 0.9. Jicho la milimita 23.5 lenye konea ya daiopta 43.5 (daiopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi) linapata lenzi ya daiopta 20.5.

Sasa tazama panapoharibika. Mpimaji akilibonyeza jicho kwa kipimio cha ultrasaundi, likaonekana fupi kwa milimita 0.3 tu, hesabu ileile inatoa 21.25. Mgonjwa anawekewa lenzi kali kuliko inayomfaa, na anabaki haoni mbali vizuri. Kosa la milimita 1 nzima ni kama daiopta 2.5. Kwa asiyezoea daiopta, kipimo chake ni rahisi: mtu aliyebaki na daiopta 1 ya kutoona mbali huona vizuri hadi mita 1, mwenye 2 hadi nusu mita, mwenye 3 hadi sentimita 33. Huyo wa mwisho atasoma gazeti hili bila miwani, lakini hatamtambua jirani aliye ng'ambo ya barabara.

Hata vipimo vikiwa safi kabisa, kuna kitu kimoja ambacho fomula hukisia tu: lenzi itatulia wapi baada ya kifuko kunywea na kuikumbatia. Ikisogea mbele kidogo, nguvu inazidi. Ikirudi nyuma, inapungua. Hilo halijulikani kabla ya jicho kupona. Tatizo hili lina umri sawa na lenzi zenyewe. Lenzi ya kwanza kabisa, aliyoiweka Harold Ridley katika hospitali ya St Thomas' mjini London tarehe 29 Novemba 1949, ilifuata umbo la lenzi ya asili lakini kwa plastiki inayopinda mwanga zaidi. Ilizidi nguvu kwa mbali, na mgonjwa alibaki na kutoona mbali kukubwa.

Wazo la kupima baada ya jicho kupona, badala ya kukisia kabla, lilipata kemia yake katika chuo cha Caltech, kwa Robert Grubbs, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2005, na Julia Kornfield, wakishirikiana na daktari wa macho Daniel Schwartz wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Lenzi yao ni ya silikoni, na ndani ya silikoni hiyo kuna vijenzi vidogo vilivyo huru, vinavyoweza kusogea. Mwanga wa urujuanimno, yaani miale isiyoonekana iliyomo pia katika jua, wa urefu wa mawimbi nanomita 365 ukipiga sehemu ya lenzi, vijenzi vya hapo huungana na kutulia. Sehemu hiyo sasa ina upungufu wa vijenzi huru, na vile vya pembeni huhamia humo polepole, kwa muda wa kama siku moja, mpaka mgawanyo uwe sawa tena. Sehemu iliyomulikwa huvimba. Ukimulika katikati, katikati hunenepa na nguvu huongezeka, jambo linalomfaa aliyepungukiwa. Ukimulika ukingo, kati hulala na nguvu hupungua, jambo linalomfaa asiyeona mbali. Ukimulika kwa ukanda wa upande mmoja, unasawazisha konea yenye mviringo usio sawa, ile hali inayofanya herufi zionekane na kivuli au kurefuka upande mmoja.

Baada ya kufikia nguvu inayotakiwa, lenzi yote humulikwa kwa mpango mwingine ili vijenzi vyote vilivyobaki viungane. Hiyo ndiyo hatua ya kufunga. Lenzi iliyofungwa haibadiliki tena, si kwa jua wala kwa mashine. Na lenzi isiyofungwa hubadilishwa na mwanga wowote wa aina hiyo unaoifikia, bila kujali umetoka wapi.

Ratiba yake ndiyo hii. Baada ya upasuaji, jicho huachwa lipone kwa siku 17 angalau. Ikiwa macho yote mawili yatafanyiwa, la pili hufanywa siku au wiki kadhaa baada ya la kwanza, na kliniki nyingi hungoja yote mawili yapone ndipo zianze kumulika. Siku ya kumulika, mgonjwa hupimwa miwani kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu mashine itafuata kipimo hicho. Hutiwa matone ya kutanua mboni, kisha ya ganzi. Huketi mbele ya mashine, kidevu na paji la uso vikiegemezwa, daktari huweka kioo maalumu juu ya konea, na mgonjwa hutazama taa ndogo bila kuyumba. Kumulikwa kwenyewe huchukua kati ya sekunde 40 na 150. Mgonjwa hurudi baada ya siku 3 au zaidi, hupimwa tena, na ikibidi humulikwa tena. Marekebisho yanaweza kufika matatu, na kufunga kunaweza kuhitaji vikao viwili, hivyo jumla kwa kawaida ni vikao 3 hadi 5. Baada ya vikao vingine mgonjwa huona rangi ya waridi au wekundu kwa muda, na hali hiyo hupita yenyewe.

Tangu siku ya upasuaji hadi saa 24 baada ya kikao cha mwisho cha kufunga, mgonjwa huvaa miwani ya kuzuia miale ya urujuanimno saa zote akiwa macho. Hupewa jozi ya kuvaa nje na jozi ya kuvaa ndani, nyeupe. Watu wengi huielewa ile ya nje na kuipuuza ya ndani. Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia sehemu tu ya miale. Ile ya nanomita 365 hupita kwa wingi. Mzee anayeketi kando ya dirisha akisoma, au anayepanda gari kando ya dirisha la pembeni, anaimulika lenzi yake. Kuna pia taa ambazo hakuna anayezifikiria: zile za kukagulia noti bandia dukani na benki, za kunasa nzi na mbu, za kukaushia rangi ya kucha saluni, za kukaushia gundi ya vioo vya simu, na cheche za kuchomelea vyuma. Zote hutoa miale ya aina hiyo. Lenzi zinazotengenezwa sasa zina tabaka la ziada linalopunguza athari ya mwanga wa bahati mbaya, lakini masharti ya miwani hayajaondolewa, na mgonjwa asitegemee tabaka hilo kuwa ruhusa.

Sasa fikiria Dar es Salaam, nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua la saa sita mchana likiwa karibu utosini. Au Nairobi na Mbeya, ambako mwinuko wa mita 1,700 unapunguza hewa ya kuchuja miale hiyo. Anayerudi na lenzi isiyofungwa anaishi ndani ya hatari hiyo kuanzia mlango wa uwanja wa ndege. Lenzi ikimulikwa ovyo, vijenzi huungana pale mwanga ulipopiga zaidi, umbo linaharibika, na hali hiyo haisahihishwi kwa miwani ya kawaida kwa sababu si nguvu tu iliyobadilika. Dawa yake inaweza kuwa kuitoa lenzi na kuweka nyingine, upasuaji mgumu kuliko wa kwanza, hasa kifuko kikishaishika. Tena lenzi hii hufungwa kwa mashine yake yenyewe tu. Leza za macho zilizoko katika hospitali nyingine, iwe ya kusafisha kifuko au ya kutibu retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haziwezi kufanya kazi hiyo hata daktari awe hodari namna gani.

Suala la dawa ndilo linalotutia wasiwasi zaidi, maana ni rahisi kulipitia juujuu wakati wa kujaza fomu kwa lugha ya kigeni. Mwanga unaotumika una nguvu, na kuna dawa zinazoifanya retina na ngozi zidhurike na mwanga wa aina hiyo. Mtu anayezitumia hapaswi kumulikwa, kwani jicho linaweza kupata madhara yasiyorekebishika. Orodha ya watengenezaji ina majina ambayo yamo katika makabati ya nyumba zetu: tetrasaiklini na doksisaiklini, klorokwini, haidroklorothiazaidi, amiodaroni, dawa za akili za kundi la klorpromazini, na dawa za maumivu kama piroksikamu na ketoprofeni. Haidroklorothiazaidi ni dawa ya shinikizo la damu inayotumiwa na wazee wengi sana bila kuijua kwa jina, kwa sababu huchanganywa na dawa nyingine katika kidonge kimoja. Tazama pakiti: jina la dawa likiishia na herufi H au HCT, mara nyingi ndiyo hiyo. Mgonjwa asiache dawa ya presha kwa uamuzi wake. Apeleke pakiti zote kliniki, pamoja na za maumivu ya magoti na za mitishamba, na daktari wake wa presha ndiye abadilishe.

Doksisaiklini nayo ina mtego wake. Wasafiri wanaotoka Marekani kuja Afrika Mashariki huandikiwa dawa ya kukinga malaria, na mara nyingi ni hiyo, ambayo huanzwa siku 1 au 2 kabla ya kuondoka na kuendelea kila siku. Mama aliyekaa Marekani miaka kadhaa, anayepangiwa kikao cha mwisho cha kufunga Alhamisi na ndege Jumamosi, anaweza kumeza kidonge cha kwanza Alhamisi hiyohiyo asubuhi. Amwambie daktari wa safari kwamba macho yake yanamulikwa, aandikiwe kinga ya aina nyingine, au safari isogezwe mbele.

Si kila jicho linafaa hata bila dawa hizo. Mboni lazima itanuke hadi kama milimita 7, la sivyo mwanga haufiki ukingoni mwa lenzi, na wazee wengi wa kisukari au waliotumia dawa za tezi dume wana mboni zisizotanuka vizuri. Aliyewahi kuugua hepesi ya jicho hafai, kwa sababu miale inaweza kuuamsha ugonjwa. Asiyeweza kutuliza macho au kichwa mbele ya mashine, au aliyeanza kusahau kiasi cha kutokumbuka kuvaa miwani, asiwekewe. Mwenye kisukari kilichoharibu retina afikirie mara mbili: huenda siku moja akahitaji upasuaji wa retina unaojaza mafuta ya silikoni ndani ya jicho, na mafuta hayo hung'ang'ania lenzi ya silikoni na kuichafua.

Je, faida yake ni kubwa kiasi gani? Katika utafiti wa wagonjwa 600 uliotumiwa kuidhinisha lenzi hii, waliorekebishwa kwa mwanga walisoma kwa wastani kama mstari mmoja zaidi kwenye chati ya macho, bila miwani, kuliko waliowekewa lenzi ya kawaida, na asilimia 75 walipunguziwa tatizo la mviringo wa konea. Mstari mmoja si jambo dogo kwa dereva. Faida huwa kubwa zaidi kwa waliowahi kufanyiwa leza ya kuacha miwani ujanani, kwa kuwa konea zao hupotosha fomula za kawaida. Inampa pia mgonjwa nafasi ya kujaribu: jicho moja liachwe kuona mbali na jingine karibu, aishi hivyo siku kadhaa, na akiona haimfai arekebishiwe kabla ya kufunga. Lenzi ya kawaida haikupi nafasi hiyo.

Lakini hairudishi macho ya ujana. Haitibu glakoma, yaani presha ya jicho, wala retina iliyochoka. Bima ya wazee ya Marekani hulipia upasuaji na lenzi ya kawaida, nyongeza ya lenzi hii hulipwa na mgonjwa mwenyewe, na ni maelfu ya dola. Familia inayochangishana kwa ajili hiyo ijue kwamba mstari ule mmoja, kwa wazee walio wengi, hupatikana kwa miwani.

Na hapa tunawageukia wasomaji ambao hawana mtu Marekani, ambao ndio wengi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 94 duniani wana upungufu wa kuona au upofu kwa sababu ya mtoto wa jicho. Mwaka 2021 nchi wanachama zilikubaliana kupandisha kwa pointi 30 za asilimia, ifikapo 2030, kiwango cha upasuaji wenye matokeo mazuri, na matokeo mazuri maana yake ni kuona 6/12 au zaidi: kusoma ukiwa mita 6 kile ambacho jicho zima husoma kwa mita 12. Kipimo hicho kinahesabu macho jinsi mtu anavyoyatumia, na miwani yake ikiwa anayo. Kwa hiyo anayefanyiwa upasuaji mzuri kisha akaachwa bila miwani, asifike 6/12, anahesabiwa kuwa hajafikiwa, na sisi tunakubaliana kabisa na hesabu hiyo.

Makosa mengi ya nguvu ya lenzi katika kliniki zetu hayahitaji lenzi ya mwanga. Yanahitaji subira wakati wa kupima. Konea ipimwe kabla jicho halijaguswa na kitu chochote. Ultrasaundi ya kugusisha ibadilishwe kwa ile ya kikombe kidogo chenye maji, kinachokaa kati ya kipimio na konea ili jicho lisibonyezwe. Kikombe hicho ni kifaa cha bei ndogo na hutumika miaka. Zichukuliwe namba 10, zisitofautiane kwa zaidi ya milimita 0.1. Macho yote mawili yapimwe hata kama ni moja linalofanyiwa, na yakitofautiana kwa zaidi ya milimita 0.3, au jicho likiwa chini ya milimita 22 au zaidi ya 25, mpimaji arudie, ikiwezekana na mtu wa pili. Mashine za kupima kwa mwanga ni sahihi zaidi, ila mwanga haupenyi mtoto wa jicho aliyekomaa akawa mweupe, na wagonjwa wetu wengi hufika wakiwa hivyo, kwa hiyo ultrasaundi haiepukiki.

Kuna kosa jingine ambalo halihusu mkono wa mpimaji. Lenzi za kiwanda kingine zikinunuliwa, ile namba maalumu inayoanza hesabu hubadilika, na tofauti ya 1 katika namba hiyo ni tofauti ya daiopta 1 katika lenzi. Anayefungua boksi jipya stoo amjulishe anayepima siku hiyohiyo. Na kabati la lenzi likibaki na 20 na 22 tu, mgonjwa wa 24 aahirishwe. Asiwekewe iliyo karibu.

Mahali pa kukata konea pia ni marekebisho, tena ya bure. Upasuaji wa tundu dogo usiotumia mashine, unaofanywa sana kwetu, huacha njia ya milimita 6 hadi 7. Ikikatwa juu, konea hulegea kwa wima, na wazee wengi tayari wana konea iliyolegea upande huo, hivyo tatizo huongezeka. Ikikatwa upande wa sikio, hupungua. Daktari anayetazama vipimo vya konea kabla ya kushika kisu, akakata upande uliokaza zaidi, anampunguzia mgonjwa nguvu ya miwani bila kuongeza hata shilingi.

Kisha mgonjwa arudi. Jicho hutulia baada ya wiki 4 hadi 6, na hapo ndipo lipimwe miwani. Wengi hawarudi kwa sababu wanaona afadhali kuliko zamani, nauli ni ghali, na hakuna aliyewaambia kwamba bado kuna kuona zaidi. Jamaa anaweza kufanya jaribio hili nyumbani: toboa karatasi ngumu kwa sindano, tundu la milimita 1 hivi, mzee afumbe jicho jingine na atazame mbali kupitia tundu hilo. Akiona vizuri kuliko bila karatasi, tatizo ni la nguvu ya lenzi au mviringo wa konea, na miwani itamsaidia. Isipobadilika, au ikizidi kuwa mbaya, sababu ni nyingine, kama vile kifuko kuota ukungu, jambo linalosafishwa kwa leza kwa dakika chache, au retina, au glakoma. Aende kupimwa hata hivyo. Jicho linalouma, jekundu, linalopoteza nuru katika siku za mwanzo baada ya upasuaji halingojei jaribio wala miadi. Hilo ni la kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Kila aliyewekewa lenzi, popote alipofanyiwa, adai kadi au kibandiko cha boksi: aina ya lenzi, nguvu yake na namba yake. Kipigwe picha kwa simu za watu wawili. Daktari wa pili atakayekutana na jicho hilo miaka kumi baadaye atakihitaji.

Kwa wenye mzee aliyeko Marekani sasa hivi na lenzi ya mwanga machoni: ulizeni tarehe ya kikao cha mwisho cha kufunga kwa kila jicho, kwa maandishi, kabla ya kununua tiketi ya kurudi. Hesabuni wiki 8 tangu upasuaji wa jicho la pili, na mkate tiketi inayobadilishika, maana kikao kimoja kikikosa matokeo hurudiwa. Kadi ya lenzi iandikwe kwamba imefungwa, na tarehe. Ikilazimu mzee asafiri kabla, kama msiba umetokea, aiambie kliniki mapema, abebe jozi mbili za miwani ya kinga na ya akiba, asiivue ndani ya ndege hata pazia la dirisha likiwa limeshushwa, asianze doksisaiklini, na awe na tarehe ya kurudi kwenye mashine ileile iliyokwishapangwa.

Wataalamu wa upasuaji na upimaji wa macho,
Dar es Salaam